Vidonge Chini ya Godoro

Leo nataka tuzungumzie vidonge ambavyo havimezwi.

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa akili nyumbani amevikuta. Unatandika kitanda, unainua godoro, hivyo vimejipanga juu ya chaga, vingine vimeloa jasho vimekuwa unga. Vingine viko kwenye mfuko wa shati, vingine kwenye kopo la maua pale barazani, na shimo la choo ndilo linalojua limekula vingapi. Neno la kwanza linalotutoka ni ukaidi. Nauli tumetoa, foleni tumepanga tangu alfajiri, dawa tumenunua, na yeye anazitupa! Basi hapo ni ugomvi, na baada ya ugomvi wanaitwa vijana wa mtaani wamshike, mmoja mikono mwingine taya, ameze kwa nguvu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili huku Tanga. Kazi hii imenizoesha, kabla ya kumwita mtu mkaidi, kuuliza kwanza: dawa imemfanya nini? Maana wengi wanaoacha dawa hizi hawakatai kupona. Kuna kitu kimewaingia mwilini tangu walipoanza kumeza, hakuna aliyewaonya kwamba kingekuja, na kilipokuja hakuna aliyewauliza. Mtu mwenye akili zake timamu akipewa kidonge cha presha kikampunguzia nguvu za kiume, anakiacha kimyakimya, wala hatuiti kikao cha ukoo. Kwa nini tunamshangaa mgonjwa wa akili akifanya vilevile?

Tuzitendee haki dawa zenyewe kwanza, maana wapo watakaonisikia nusu wakaenda kutangaza kuwa sista wa redioni kasema dawa za akili ni sumu. Hapa mkoani kwetu, juu ya milima ya Usambara upande wa Korogwe, ipo Lutindi, ambayo wamisionari wa Kijerumani waliifanya kituo cha wagonjwa wa akili mwaka 1904. Nairobi ikapata Mathari mwaka 1910. Dodoma nayo ikaja kupata Mirembe. Kwa miongo kadhaa hospitali za namna hiyo, huku kwetu na huko Ulaya vilevile, zilikuwa na kuta, kazi za shamba, na dawa za kumlaza mtu usingizi. Dawa ya kuzinyamazisha sauti anazozisikia mgonjwa haikuwepo. Ilikuja mwaka 1952, pale Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris walipowapa wagonjwa wao klopromazini, ambayo daktari wa upasuaji wa jeshi la wanamaji, Henri Laborit, alikuwa ameanza kuitumia kwa watu wanaoingia kwenye kisu. Ndiyo hiyohiyo wazee wa kazi wanaiita Largactil mpaka leo. Mwaka 1958 haloperidoli ikapatikana Ubelgiji. Watu ambao hakuna aliyetarajia watoke wodini wakarudi makwao, wakalima, wakaoa. Hilo lishike, katika yote nitakayosema.

Sasa, zinafanyaje kazi? Nyingi zinaziba njia ya kemikali moja ya ubongo iitwayo dopamini. Dopamini ikizidi mahali fulani kichwani, mtu anasikia watu wasiokuwepo wakimsema, anaamini jirani kamtilia kitu kwenye chai. Ukiiziba, sauti zinapungua. Tatizo ni kwamba dopamini hiyohiyo, mahali pengine, ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli, na mahali pengine tena ndiyo inayozuia maziwa ya kifuani yasitoke ovyo. Dawa haijui kuchagua. Ni sawa na kufunga koki kuu ya mtaa mzima kwa sababu bomba la nyumba moja linavuja: linalovuja litaacha, lakini na majirani watakosa maji. Kero nyingi nitakazozitaja jioni hii ni malalamiko ya majirani hao.

Nikueleze kisa kimoja. Magharibi inaadhiniwa, bodaboda inaingia hadi mlangoni pa kituo. Kijana amebanwa katikati, dereva mbele, mjomba nyuma. Shingo imepinda mpaka kidevu kinagusa bega la kushoto, macho yamegeuka juu unaona weupe mtupu, ulimi umetoka nje na udenda unatiririka kwenye fulana. Mama yake amefika kwa bodaboda ya pili, kanga inanukia ubani. "Sista, limepanda! Tumemsomea, tumemfukiza, halitaki kushuka."

Kwanza niliangalia kama anapumua vizuri, kwa sababu misuli ya koo nayo inaweza kukaza, na hapo maisha yanakuwa hatarini. Alikuwa anapumua. Kisha nikaomba kadi. Mjomba akaitoa mfukoni imekunjwa mara nne: jana yake mchana, mahali pengine, alichomwa sindano ya haloperidoli kwa kuwa alikuwa na fujo. Basi, jibu lilikuwa pale. Kijana wa kiume, siku ya pili, haloperidoli ya sindano. Hawa ndio wanaopatwa zaidi. Akachomwa prometazini, dawa ileile tunayowapa watu wenye mzio, na baada ya nusu saa hivi shingo ikaanza kurudi, macho yakashuka, ulimi ukaingia ndani. Muda wote ule alikuwa anasikia na kuelewa kila lililosemwa juu yake, habari za jini pamoja. Alipoweza kusema, hakushukuru. Alisema, "Ile sindano ya jana, hata mkiniua, sichomwi tena."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Dawa haikuwa mbaya, na aliyemchoma hakukosea kuichagua, fujo ilikuwepo. Lakini maneno manne tu yangetosha jana yake: shingo ikikaza, rudi haraka. Hayakusemwa. Daktari wetu alishusha dozi, akaongeza benzeksoli, dawa ya kuzuia kukaza huko, kwa majuma ya mwanzo, nasi tukamwonyesha mama mambo ya kuangalia: shingo kuvuta, taya kukaza, macho kukwama juu. Habari ya jini sikuigusa. Mama ana imani yake, na kubishana naye pale mlangoni kungemfanya safari ijayo aanzie kwingine. Nilimwambia tu kwamba yakitokea haya baada ya dawa, atangulie kwetu na kadi mkononi, ubani utafuata.

Shingo iliyopinda angalau kila mtu anaiona. Kinachotusumbua zaidi ni kile kinachojificha ndani ya ugonjwa wenyewe, na hapa naomba tukae kidogo. Kuna mgonjwa ambaye tangu aanze dawa hawezi kutulia. Anaketi, anasimama. Akisimama anabadilisha mguu huu, anabadilisha mguu ule. Usiku anazunguka uani mpaka mbwa wamemzoea. Ndugu wanasema ugonjwa umerudi, umezidi hata ule wa mwanzo. Wanampeleka kliniki, foleni ndefu, daktari ana dakika mbili, anasikia "halali, anazunguka", anaongeza dozi. Nyumbani mambo yanakuwa mabaya maradufu, kwa sababu kilichokuwa kinamzungusha ni ileile dawa iliyoongezwa. Hali hii inatesa kiasi kwamba wapo wanaofikia kutamani kufa. Si neno la kutisha watu, ni jambo linalojulikana katika taaluma yetu, na ndiyo sababu hatulichukulii kama kero ndogo.

Hapa ndipo kazi ya muuguzi inapoonekana. Muulize mwenyewe, usimuulize shangazi aliyemleta: huko kutotulia unakusikia wapi, kichwani au miguuni? Kabla ya dawa ulikuwa nako? Utashangaa mgonjwa anavyojibu kwa ufasaha. Mmoja aliniambia, "Sauti zimeondoka, sista, ila miguu hainiachi." Sentensi hiyo moja inatosha daktari ashushe dozi badala ya kuipandisha, au abadilishe dawa, au aongeze propranololi, ile ya presha, baada ya kuhakikisha mtu hana pumu.

Majuma yakisonga huja lile la mikono kutetemeka, kutembea kwa hatua fupi za kuburuza, na uso kukauka usionyeshe furaha wala huzuni. Nyumbani wanasema "sasa ametulia". Mimi kila nikisikia "ametulia" naomba nimwone anavyotembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na kama chai ipo, nimpe kikombe nione kinavyofika mdomoni. Miaka ikipita, kwa baadhi yao midomo inaanza kutafuna kisichokuwepo na ulimi kutoka na kuingia wenyewe. Hii ya mwisho huenda isiondoke hata dawa ikiachwa, na benzeksoli huizidisha badala ya kuitibu. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa mtu afungue mdomo, atoe ulimi, aangaliwe. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji mashine.

Nimeitaja benzeksoli, wengine wanaiita Artane. Ni dawa nzuri ikiwa na sababu. Kuna mazoea ya kumwandikia kila mgonjwa, mwezi hadi mwezi, hata ambaye hajawahi kutetemeka kidole, na mimi siyapendi. Inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo kwa wazee wa kiume, na mzee anaweza kuchanganyikiwa nayo mpaka asiwajue wajukuu wake. Tena ikizidi inalevya, ndiyo maana wapo vijana wazima kabisa wanaoiulizia. Muuguzi anayehesabu vidonge dirishani ahesabu na hivi.

Sasa tuje kwenye mambo ya chumbani, ambayo hayaulizwi kabisa. Tunapima presha, tunapima uzito, tunaandika kwenye kadi, tunasema "karibu mwezi ujao". Nani anamuuliza mwanamume kama bado ana nguvu za kukutana na mkewe? Nani anamuuliza binti kama anaziona siku zake? Dawa kama haloperidoli, flufenazini na risperidoni zinaweza kupandisha homoni ya maziwa. Mwanamke hedhi inakatika, chuchu zinatoa maziwa, naye hajazaa wala hana mtoto mchanga. Fikiria binti ambaye hajaolewa, anaishi kwa baba yake, blauzi inaonyesha alama ya maziwa. Ndani ya nyumba ile litazuka la kuzuka. Mwingine anajiaminisha ana mimba, na kwa kuwa alishawahi kuambiwa ana mawazo yasiyo ya kweli, kila mtu anaona ugonjwa umerudi. Kumbe kifua chake kinasema kweli. Pima mimba, ndiyo, kwa sababu inaweza kuwa mimba. Halafu fikiria dawa. Mwanamume naye matiti yanaweza kuvimba, na aibu ya hilo kwenye maskani ya vijana unaijua mwenyewe. Akiacha dawa, ana hoja. Hoja hiyo ina ufumbuzi, dozi inaweza kushushwa au dawa ikabadilishwa, lakini hatupewi nafasi kama tumeketi naye mbele ya mama mkwe na wagonjwa wengine wanne. Mtoe pembeni. Kama ni mwanamume na wewe ni mwanamke, mwite mwenzako wa kiume.

Uzito nao una kichekesho chake kichungu. Dawa mpya kidogo, olanzapini hasa, zinasumbua misuli kwa nadra, lakini zinaleta njaa isiyoshiba. Mtu anakula ugali wa watu wawili na usiku anaamka kutafuta kiporo. Anaongezeka kilo juu ya kilo, na majirani wanampongeza: umenawiri, dawa imekukubali! Kwetu kunenepa ni habari njema, na mgonjwa aliyekuwa amekonda kwa kutokula akijaza mashavu familia nzima inafurahi. Nami sipendi kuwakatisha furaha. Lakini nachukua futi nampima kiuno, naomba sukari ipimwe, kwa sababu dawa hizi zinaweza kufungua mlango wa kisukari.

Na kwa sisi wa pwani, jua. Klopromazini inaifanya ngozi iungue upesi, na ikichanganywa na benzeksoli mwili unashindwa kujipoza kwa jasho. Mvuvi au muuza madafu anayemeza hizi avae kofia na mikono mirefu, anywe maji. Tena klopromazini inashusha presha mtu anapoinuka. Ukiamka usiku kwenda chooni, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, hesabu taratibu, ndipo usimame. Bibi aliyevunjika nyonga kwa kuanguka njiani kwenda msalani hatamsamehe aliyempa dawa bila kumwambia hilo.

Ipo sindano ya mwezi, wengine wanaiita Modecate. Ni flufenazini iliyotiwa ndani ya mafuta ya ufuta, inayochomwa ndani kabisa ya msuli wa tako na kuachia dawa kidogo kidogo kwa majuma. Inafaa sana kwa anayesahau vidonge au anayeishi mbali na kituo. Wauguzi wenzangu mnaonisikia, mnajua: bomba na sindano viwe vikavu, leo tako la kulia safari ijayo la kushoto, na usisugue pale ulipochoma. Ila kuna jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kulijua kabla hajalala kitandani. Kidonge kikikukera, kesho unaweza usikimeze tena. Sindano hii ikishaingia haitoki. Shingo ikikaza, miguu ikikataa kutulia, utakuwa na wageni hao kwa muda. Kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo cha kujaribu, na si vizuri kumchoma mtu kwa mara ya kwanza Ijumaa jioni kisha kituo kikafungwa.

Lithiamu inataka mazungumzo yake peke yake. Ni dawa ya wale wanaopanda mno na kushuka mno: majuma mawili halali, anagawa pesa, anaahidi kununua meli, na majuma yanayofuata hainuki kitandani. Daktari John Cade wa Australia ndiye aliyeiandika mwaka 1949, na mpaka leo kwa ugonjwa huo hakuna inayoizidi kwa urahisi. Ni chumvi ya madini, na figo zetu zinaishughulikia kama zinavyoishughulikia chumvi ya mezani. Maji yakipungua mwilini, au chumvi ikikatwa ghafla, figo zinaing'ang'ania lithiamu na inajaa kwenye damu. Kipimo cha kawaida ni kati ya 0.6 na 1.0, na ikipita 1.5 tayari tunazungumzia sumu. Unaona nafasi ilivyo finyu. Kuhara siku moja kunaweza kuivusha. Dawa za maumivu tunazonunua dukani bila kuuliza, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kuivusha pia; anayemeza lithiamu akiumwa kichwa achukue parasetamoli. Ikizidi, mtu anatapika, anaharisha, mikono inatetemeka kwa nguvu, anayumba, ulimi unakuwa mzito. Mtaani wataona mlevi. Ameshaonekana mlevi mtu ambaye hajagusa hata togwa, akaachwa alale "pombe imtoke", na kila saa inayopita figo zinaumia.

Sasa iweke hiyo ndani ya mwezi wa Ramadhani, kwenye joto letu hili, saa kumi na tatu na zaidi bila maji. Wapo waliofunga salama wakiwa na lithiamu, kwa kupanga mapema na kupimwa damu. Wapo ambao ruhusa ya mgonjwa kutofunga ni yao kabisa. Jambo la kufanya ni kuja kliniki Shaabani, si siku ya kumi ya mfungo ukiwa umeshaanza kuyumba, na ikibidi tumwite na sheikh wako tuzungumze sote. Wanaoumia ni wale wanaojipangia wenyewe, wanakunywa dozi zote usiku kwa pamoja, au wanaziacha mwezi mzima na sikukuu inawakuta wodini.

Kuna dharura moja nataka kila mwenye mgonjwa aijue. Mtu yumo kwenye dawa hizi za kutuliza, haloperidoli na wenzake. Anapata homa kali, mwili umekauka mgumu, ukitaka kumkunja mkono haukunjiki, jasho linamwagika, anaongea asichokijua. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Atapimwa, na kwa ukanda wetu huenda hata vijidudu vikaonekana, atapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani aendelee na vidonge vyake vya akili. Huyo anaweza kufa. Homa pamoja na ugumu wa mwili kwa mtu wa dawa hizi ni hatari ya dawa yenyewe: hapewi dozi nyingine hata moja, na safari ni ya hospitali kubwa usiku uleule. Malaria itibiwe, sawa, ila huko huko.

Dawa za sonona nitazipitia haraka kuliko zinavyostahili. Fluoksetini na amitriptilini hazifanyi kazi kesho. Zinachukua majuma mawili, manne, wakati mwingine sita, na bahati mbaya kichefuchefu na mdomo mkavu vinatangulia nafuu. Anayeambiwa hivyo siku ya kwanza anavumilia, asiyeambiwa anaacha siku ya tano. Jingine ni la sisi tunaogawa. Majuma ya mwanzo nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapata tumaini, na mtu aliyekuwa akitamani kufa lakini hana nguvu ya kuinuka sasa anazo. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inasimamisha moyo. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hapewi dawa za mwezi mzima mkononi. Anapewa za juma moja, na dada au mume anazitunza. Tena muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kama wengi wanavyoogopa. Wengine wanashusha pumzi, wanasema, "Afadhali umeuliza."

Klozapini hata sisi tunaigusa kwa adabu. Mwaka 1975 huko Ufini wagonjwa walikufa baada ya chembe nyeupe za damu kuisha, dawa ikawekwa kando miaka mingi, na ikarudi kwa sababu inawasaidia ambao hakuna dawa nyingine iliyowasaidia. Damu inapimwa kila juma mwanzoni. Koo likiuma na homa ikija, damu ipimwe siku hiyohiyo. Ila muuguzi mzoefu anauliza na habari ya choo, maana klozapini inafunga utumbo, na utumbo uliofunga umeua watu pia.

Kwa kina dada, neno la wazi. Valproeti, nayo dawa ya wanaopanda na kushuka mno, wakati wa ujauzito ni balaa: karibu mtoto mmoja kati ya kumi anaweza kuzaliwa na kasoro ya mwili, na watatu hadi wanne kati ya kumi wakachelewa katika akili na masomo. Msichana anayeweza kushika mimba asianzishiwe hiyo kama kuna nyingine ya kumfaa. Kabamazepini nayo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na hata ya kipandikizi cha mkononi. Mwanamke anajua amejikinga, kumbe amejikinga nusu. Mambo haya hayawezi kujulikana kama kliniki ya akili iko jengo hili na ya uzazi jengo lile na kadi ni mbili tofauti. Siku ya kliniki leta kadi zote na dawa zote unazotumia, na mizizi ya mganga pia. Sitakugombeza, nataka kujua kimeingia nini mwilini. Na dawa ikikuletea jambo usilolielewa, mwambie muuguzi ajaze ile fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ipo kwa ajili hiyo.

Nimalize na swali linaloletwa sana dirishani: nitameza mpaka lini? Kwa aliyepatwa na kichaa mara ya kwanza, kwa kawaida ni angalau mwaka mmoja baada ya dalili zote kuisha, ndipo tunaanza kuzungumza. Kwa sonona ni miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Waliorudiwa mara kwa mara huenda ikawa ni miaka. Anayetaka kuacha asikatize peke yake gizani. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaleta degedege, na lithiamu ikikatwa ghafla ule wazimu wa kupanda unaweza kurudi kwa kishindo. Lakini aseme. Aje aseme, "Sista, nimechoka nazo, nataka kuacha," nami sitamwita mkaidi. Tutatazama kadi yake pamoja na daktari, tuone kinachomchosha ni dawa yenyewe au ni kero moja inayoondoleka. Ikionekana wakati umefika, tutapunguza robo kwa robo, kwa miezi, na siku ya kupanga aje na ndugu mmoja anayelala naye nyumba moja, anayeweza kutuambia usingizi ukianza kupotea.